Leso ya Shangazi: Tafakuri Kuhusu Dozi, Hesabu na Istilahi

Sisi tunaosomea Kiswahili chuoni tumezoea kuzungumzia istilahi kana kwamba ni mali ya makongamano. Istilahi huundwa, hujadiliwa na jopo, hupitishwa, huchapishwa katika kamusi, na aghalabu huishia papo hapo ikimsubiri mwanafunzi wa mwaka wa tatu aitumie kujibu swali la mtihani. Katika makala hii nakusudia kuzungumzia istilahi ambayo niliikuta nje ya darasa, kwenye foleni ya wagonjwa wa saratani, ikiwa imeandikwa kwa herufi tatu za Kiingereza katika kadi ya shangazi yangu na kufuatwa na tarakimu: 1.65. Herufi zile hazikuwa na Kiswahili chake pale hospitalini. Tarakimu ile, kwa upande wake, ndiyo iliyokuwa ikiamua kiasi cha dawa ambacho angetiwa mishipani.

Kwa maneno mepesi, tarakimu hiyo ni makadirio ya ukubwa wa sehemu yote ya nje ya mwili wa mtu, tangu utosini hadi nyayoni, kwa mita mraba. Dawa nyingi za tibakemikali hazitolewi kwa utaratibu tuliouzoea wa mtu mzima kumeza vidonge viwili kutwa mara tatu. Hutolewa kwa miligramu kadhaa kwa kila mita mraba ya mwili. Sababu ni kwamba mwanya uliopo kati ya dozi inayotibu na dozi inayodhuru ni mwembamba mno. Dawa hizi huua chembe zinazokua kwa haraka, na mwilini zipo nyingi za namna hiyo zisizo na hatia: za nywele, za utando wa kinywa na utumbo, za uboho unaotengeneza damu.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini uzito peke yake usitoshe. Jibu linapatikana jikoni. Chukua kiazi kimoja kikubwa kutoka Kibirichia, na viazi vidogo kumi ambavyo kwa pamoja vina uzito uleule. Vimenye vyote. Maganda ya vile vidogo yatakuwa zaidi ya maradufu ya maganda ya kile kikubwa, ingawa mizani ilisema ni sawa. Kitu kinapokuwa kidogo, sehemu yake ya nje huwa kubwa ikilinganishwa na uzito wake. Ndivyo ilivyo kwa watu. Mtoto mwenye kimo cha sentimita 110 na uzito wa kilo 18 ana chini ya theluthi moja ya uzito wa shangazi yangu alipoanza matibabu, lakini eneo la mwili wake ni mita mraba 0.74, yaani karibu asilimia 45 ya lile la shangazi. Ukimpimia mtoto huyo dawa kwa kilo na ukampimia tena kwa mita mraba, utapata majibu mawili yaliyo mbali sana.

Wazo lenyewe halikuzaliwa katika tiba ya saratani. Mnamo 1879 Mjerumani Karl Meeh alijaribu kuhusisha uzito wa mtu na eneo la mwili wake, na mwaka 1883 Max Rubner alionyesha kwamba joto linalozalishwa na mbwa wakubwa na wadogo hulingana zaidi na ukubwa wa sehemu yao ya nje kuliko uzito wao. Mwaka 1916, mjini New York, Delafield Du Bois na Eugene Du Bois (wasichanganywe na W.E.B. Du Bois, ambaye wasomi wa fasihi ya Kiafrika wanamfahamu zaidi) walichapisha kanuni ambayo ingali inatumika. Waliwabandika watu karatasi mwilini hadi likapatikana ganda, wakalikata ganda hilo vipande vilivyoweza kulala bapa, kisha wakapima ukubwa wa vipande hivyo. Hatimaye wakatafuta namna ya kupata jibu lilelile kwa kutumia kimo na uzito tu. Kwa mujibu wa kanuni yao, uzito hupandishwa kwa kipeo cha 0.425, kimo kwa kipeo cha 0.725, na matokeo yakazidishwa kwa 0.007184. Watu waliopimwa walikuwa tisa.

Naomba msomaji atue kidogo kwenye tarakimu hiyo ya tisa. Wala si kwamba nawalaumu wanasayansi wale, maana kumfunika binadamu mzima kwa karatasi si kazi ya kufanya mara mia. Isitoshe, nia yao ilikuwa kuchunguza joto la mwili. Dawa za saratani hazikuwamo katika fikra zao. Ni baadaye sana, mwaka 1958, ambapo Donald Pinkel alilinganisha dozi za dawa za saratani kwa panya, kwa watoto na kwa watu wazima, akaona kwamba dozi hizo hukaribiana zikihesabiwa kwa mita mraba. Mwaka huohuo, kwa sadfa tu, Denis Burkitt aliyekuwa daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo yake kuhusu uvimbe wa taya za watoto wa Kiafrika. Katika miaka ya 1960 watoto wa Uganda na Kenya wakawa miongoni mwa wagonjwa wa mwanzo duniani walioonyesha kwamba yapo matumaini ya kuponya saratani kwa dawa pekee. Nataja hili kwa sababu tumezoea kudhani kwamba tiba hii ni mgeni wa jana katika eneo letu.

Mwaka 1987, R. D. Mosteller alipendekeza katika barua fupi njia nyepesi ambayo hata mwanafunzi wa isimu anaweza kuifuata kwa kikokotoo cha simu. Zidisha kimo kwa sentimita na uzito kwa kilo. Gawa kwa 3600. Tafuta kipeuo cha pili. Shangazi alikuwa na kimo cha sentimita 158 na uzito wa kilo 62. Ukizidisha unapata 9796, ukigawa unapata 2.72, na kipeuo chake cha pili ni 1.65. Kanuni ya akina Du Bois inatoa 1.63. Tofauti ni ndogo, na hospitali huchagua kanuni moja na kushikamana nayo.

Sasa nieleze jinsi mambo haya yalivyonifikia. Shangazi ni mkulima wa chai na ndizi huko Imenti Kusini, nami nasomea Embu. Katikati yetu ipo ile barabara ya milima na madaraja inayopita Runyenjes, Chuka na Nkubu, ambayo kila mwenyeji anaijua kwa kona zake. Mwaka jana chakula kilianza kumkwama kooni; kwanza githeri, kisha ugali, kisha hata ndizi iliyopondwa. Uchunguzi ulionyesha saratani ya umio. Maradhi haya si haba upande wetu wa mlima, na katika Kenya nzima ni miongoni mwa saratani zinazoua watu wengi. Kuna wanaotaja chai inayonywewa ikiwa moto sana. Mnamo 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliviweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani. Shangazi hakutaka kuusikiliza mjadala huo. Chai ni shamba lake.

Zamani mgonjwa kama yeye angelazimika kusafiri hadi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, na kutafuta jamaa wa kumlaza. Siku hizi tibakemikali hutolewa Meru na Embu pia, jambo ambalo ni neema kubwa. Pamoja na neema hiyo limekuja suala la lugha, ambalo nadhani halijazungumziwa vya kutosha katika kurasa kama hizi. Katika vyumba vya matibabu vya huku utakuta mgonjwa anayezungumza Kiimenti, mwingine Kitharaka, mwingine Kiembu, mwingine Kimbeere, na wahudumu waliotoka kila pembe ya nchi. Kadi zimeandikwa kwa Kiingereza. Kinachowaunganisha watu hawa ni Kiswahili, na Kiswahili hicho si kile cha mihadhara yetu. Ni Kiswahili cha soko, cha kanisa na cha baraza la chifu, chenye uwezo mkubwa sana katika mambo ya bei, dhambi na mipaka ya mashamba. Hakijawahi kuombwa kueleza mita mraba za mtu.

Siku ya kwanza, mhudumu mmoja kijana, mpole na mwenye bidii, alimwambia shangazi kwamba dawa yake itapimwa kulingana na "eneo la uso wa mwili". Shangazi akajishika shavu. Aliuliza kwa nini wapime uso ilhali ugonjwa uko kooni. Mhudumu akarudia, safari hii polepole zaidi, maneno yaleyale.

Tukitumia vigezo vya darasani, mhudumu yule hakukosea hata kidogo. Uso katika Kiswahili si wa mtu tu. Tunasema uso wa dunia, uso wa maji, uso wa meza. Wataalamu wa hisabati wanapozungumzia eneo la uso wa mche au wa tufe hakuna anayewaza pua na macho. Lakini maana ya neno huchaguliwa na mahali linapotamkiwa, na mahali penyewe palikuwa ni chumba ambamo mgonjwa wa pili yake alikuwa na uvimbe wa taya uliofungwa bandeji. Pale, uso ulikuwa uso. Mtu akiambiwa "uso wa mwili" katika chumba kama kile anasikia sehemu mbili za mwili zilizogongana.

Jioni ile nyumbani shangazi alitaka maelezo. Nilijaribu kwanza "eneo la ngozi", akaogopa kwamba dawa itapakwa au itamchubua. Mjomba, aliyekuwa akisikiliza kando, akapendekeza "upana wa mwili". Shangazi akacheka na kusema kwamba tangu chakula kianze kumkataa hana upana wa kupimwa. Ndipo mjomba akakumbuka jinsi ngozi ya mbuzi inavyowambwa: hutandazwa chini, ikavutwa kila upande na kupigiliwa vigingi ili ikauke ikiwa bapa. Mbuzi mzima, na pembe zote za umbo lake, huwa kitu kimoja kilicholala, nawe unaweza kukipima kwa hatua. Shangazi akaelewa mara moja, ingawa hakufurahia kufananishwa na mbuzi.

Basi tukaacha mbuzi tukashika leso. Fundi cherehani wa jirani alitukopesha utepe wake, tukaipima ile leso aliyokuwa amejifunga: urefu wake sentimita 150, upana wake sentimita 110. Mita moja na nusu mara mita moja na sentimita kumi ni mita mraba 1.65. Sikuipanga sadfa hiyo, wala sidai kwamba leso zote ni za kipimo hicho, maana viwanda havikubaliani na maji ya kufulia nayo hupunguza. Lakini ile aliyoivaa siku ile ilikuwa sawasawa na tarakimu iliyokuwa kwenye kadi yake. Akaitandika juu ya kitanda akaitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Kwa hiyo mimi ni leso moja." Nikamwambia ndiyo, na kwamba katika mpango wake wa dawa hutolewa miligramu 75 za sisplatini kwa kila mita mraba, kwa hiyo leso moja inahitaji miligramu 124 hivi. Nikamweleza pia kwamba hakuna aliyempima kwa karatasi wala kwa utepe. Walichukua kimo na uzito wake, wakakisia leso.

Sehemu hiyo ya mwisho, kwamba leso ni makisio yanayotegemea mizani, ndiyo iliyokuja kuwa na kazi.

Dawa hutolewa kwa mizunguko, kila baada ya siku 21. Baada ya mizunguko miwili shangazi alikuwa akiishi kwa uji mwepesi na maziwa. Siku ya mzunguko wa tatu foleni ilikuwa ndefu, mizani ilikuwa chumba kingine, na karani aliyekuwa akijaza fomu aliandika upya uzito wa siku ya kwanza kama ulivyokuwa katika ukurasa uliotangulia: kilo 62. Sitaitaja hospitali. Yaliyotokea pale yanaweza kutokea popote penye wagonjwa wengi na mizani moja, na watu walewale waliojaza fomu ile ndio waliomshika mkono shangazi alipotapika.

Nilikuwa nimeketi kando yake. Aliitazama kadi, akaitambua ile 1.65, kisha akajishika kiunoni mahali ambapo leso sasa ilizunguka mara nyingine nusu. Akamwita mhudumu kwa heshima zote zinazompasa mama wa umri wake kumpa kijana mwenye koti jeupe. Akamwambia: "Daktari wangu, hii leso mliyoandika hapa ni ya zamani. Nimepungua. Nipimeni tena, mwanangu." Mhudumu hakuelewa habari ya leso. Alielewa "nimepungua" na "nipimeni". Wakampeleka kwenye mizani, ikasoma kilo 54.

Hesabu ni rahisi. Kimo 158 mara kilo 54 ni 8532. Gawa kwa 3600 upate 2.37, kipeuo cha pili ni 1.54. Mfamasia akaifuta dozi ya kwanza na kuandika miligramu 116 badala ya 124. Miongozo mingi hutaka dozi ikokotolewe upya uzito ukibadilika kwa asilimia 5 hadi 10. Wa shangazi ulikuwa umebadilika kwa karibu asilimia 13. Usiku ule alikunja ukingo mmoja wa leso, upana wa kiganja, sentimita kumi. Nilizidisha kimyakimya: 140 mara 110. Inatoa 1.54 kamili. Hakuniuliza hesabu hiyo, nami sikumwambia.

Hapa yafaa kuwa mkweli kwa msomaji anayeshuku. Je, miligramu nane ni jambo la kupigia kelele? Tangu miaka ya 1990 wapo watafiti waliosema waziwazi kwamba eneo la mwili halielezi vizuri kasi ambayo watu wazima huondoa dawa nyingi za saratani mwilini. Watu wawili wenye mita mraba zilezile wanaweza kutofautiana sana kwa sababu ya ini, figo, umri na vimeng'enya vya kurithi. Dawa nduguye sisplatini, iitwayo kaboplatini, hupimwa kwa uwezo wa figo kwa kanuni ya Calvert ya mwaka 1989. Dawa nyingine mpya hupimwa kwa kilo, au hutolewa kwa kipimo kimoja kwa wote. Uingereza hospitali nyingi huzipanga dozi kwa ngazi, watu wanaokaribiana wakapewa bomba la kipimo kimoja, na tofauti ndogo za asilimia tano hivi haziwashughulishi. Kwa mtazamo huo, ile 1.65 yenye nukta na tarakimu mbili ni usahihi wa kujisingizia.

Nakubaliana nao kwa kiasi kikubwa. Lakini naona kwamba hoja yao inamhusu mwenye kuunda kanuni. Kwa mgonjwa aliye kwenye foleni suala ni jingine. Kanuni ikiwa na walakini, walakini huo unawapata wote, na waliofanya majaribio ya dawa waliuhesabu pamoja na mambo mengine. Uzito wa zamani ukinakiliwa, kosa linamwangukia mtu mmoja, na kwa kawaida linamwangukia aliyekonda zaidi, yaani yule ambaye mwili wake una akiba ndogo zaidi ya kustahimili dawa. Sisplatini hudhuru figo na masikio. Aliyepungua kilo nane kwa wiki sita na bado akapewa dozi ya mwili aliokuwa nao zamani anapewa dawa ya mtu ambaye hayupo tena.

Kuna na wale ambao hata kimo chao hakipimiki: kizee aliyepinda mgongo, mtu wa kiti cha magurudumu, aliyekatwa mguu. Kwao hupimwa urefu wa mkono, au wa mikono iliyonyooshwa, au toka goti hadi kisigino, na kimo kikakadiriwa kutokana na hicho. Makadirio juu ya makadirio. Tusidhani kwamba jambo hili ni la saratani pekee. Mwea, iliyo jirani na Embu, inajulikana kwa mpunga na kwa kichocho, na kwa ugonjwa huo Shirika la Afya Duniani hupendekeza fimbo ya vidonge. Mtoto husimama kando ya fimbo iliyotiwa alama: kuanzia sentimita 94 hadi 110 hupewa kidonge kimoja cha praziquantel, na kuanzia 160 hadi 178 hupewa vinne. Kimo kinasimama badala ya uzito kwa sababu fimbo ni rahisi kuliko mizani na haiharibiki. Sijasikia mtoto akilalamika kwamba haielewi fimbo. Inaonekana, inashikika, na anaweza kumwambia mwalimu kwamba hakusimama wima.

Niliporudi chuoni niliipeleka hoja hii katika semina yetu ya istilahi. Wenzangu waliipokea kwa hamasa ambayo kwa kawaida huihifadhi kwa mijadala ya chakula cha bwenini. Wengine walisimamia "eneo la uso wa mwili" kwa sababu ni tafsiri mkopo iliyo sahihi na inayooana na lugha ya hisabati. Wengine wakataka "eneo la ngozi". Mmoja, aliyekulia Tharaka, akapendekeza "mtandazo wa mwili", kutokana na kutandaza, na ndilo lililonivutia. Lina picha ya kitu kilicholala bapa, halimtaji mtu uso, na linazaa: mtandazo mkubwa, mtandazo uliopungua, dozi kwa mtandazo. Mhadhiri wetu alilipinga. Alituelekeza kwenye vigezo vya PEGITOSCA ambavyo sote tunavikariri, akasema kwamba neno letu lina uangavu na uzalishi lakini halina usahihi, kwani mtandazo unaweza kuwa wa chochote, na tena daktari wa Dodoma na wa Embu lazima waelewane bila kupitia kwa mbuzi.

Hoja yake ni nzito na sina jibu kamili. Nilichomwambia ni kwamba vigezo vile vinauliza maswali mengi mazuri kuhusu istilahi, lakini sioni palipoulizwa kama mgonjwa anaweza kuitumia istilahi hiyo kumpinga daktari. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa apewe maelezo, pale inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Katiba ya 2010 nayo imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Tukiziweka sheria hizo mbili pamoja tunapata kazi, na sioni nani ataifanya ikiwa si sisi. Yawezekana istilahi mbili zinahitajika, moja ya kamusi na nyingine ya foleni, na mhudumu afunzwe zote mbili. Mhadhiri alisema huo ni ukwepaji. Semina ikaisha kabla hatujapatana, na neno "mtandazo" limebaki katika kumbukumbu za mkutano likiwa na alama ya kuuliza.

Wakati huo shangazi alikuwa akijiandaa kwa mzunguko wa nne. Kwa kuwa sisplatini hudhuru figo, alipimwa damu, na karatasi ya maabara ikarudi na jibu la 70, likifuatwa na maelezo kwamba hizo ni mililita kwa dakika kwa kila mita mraba 1.73. Aliiona tarakimu hiyo kabla yangu. Kadi yake inasema 1.54, sasa hii 1.73 ni ya nani?

Ni ya Wamarekani. Mwaka 1928, McIntosh na wenzake walihitaji mwili mmoja wa kulinganishia figo za watu wa maumbo tofauti, wakachukua wastani wa eneo la miili ya wanaume na wanawake wa Marekani wenye umri wa miaka 25. Tarakimu hiyo imebaki katika karatasi za maabara duniani kote hadi leo. Inafaa kwa kulinganisha watu. Kwa kupanga dozi ya mtu mdogo inabidi irudishwe kwenye mwili wake mwenyewe: 70 mara 1.54, gawa kwa 1.73, ambayo ni 62. Madaktari wengi husita kutoa sisplatini figo zikishuka chini ya 60. Daktari wake alikuwa ameshaifanya hesabu hiyo kwa penseli pembeni mwa karatasi, akaagiza maji zaidi ya mshipani na kipimo kingine baada ya siku tatu.

Shangazi aliuliza kama Wamarekani hao bado wako hai. Nikamwambia kwamba leo wangekuwa na zaidi ya miaka 120. Akaikunja karatasi, akaitia pamoja na kadi ndani ya mfuko wa plastiki anaouficha kifuani, akataka kujua matatu ya mwisho ya kwenda nyumbani huondoka saa ngapi.